Wewe ni Mtoto wa Nani? Wanubi wa Kibra na Ukoo Uliotawanyika

 

Kabla hujaendelea kusoma, hebu jaribu kitu kidogo. Taja jina lako, la baba yako, la babu yako, kisha la baba wa babu yako. Wengi wetu tunafika jina la tatu halafu tunakwama. Haya, sasa njoo upande wa mama. Mama yake mama yako alikuwa binti wa nani, na alizaliwa mji gani? Hapo wengine hata jina la pili hatulipati.

Sababu moja ni vile tunavyoitana. Sisi Waislamu wa Kenya wengi hatuna jina moja la ukoo linaloshuka kizazi hadi kizazi. Tuseme kijana anaitwa Juma Abdalla Ramadhan. Mtoto wake ataandikwa Idris Juma Abdalla. Mjukuu wake ataandikwa Amina Idris Juma. Umeona? Mzee Ramadhan ameshatoka kwenye karatasi, na hakuna aliyemfukuza. Amina akija kuulizwa Ramadhan alikuwa nani, cheti chake cha kuzaliwa hakitamsaidia. Atakayemsaidia ni mtu mzima anayekumbuka, na mtu huyo leo yuko hai, kesho hayuko.

Nimeonelea Ramadhani hii tuzungumze jambo hili kwa sababu ndio mwezi ambao bado tunaalikana futari, na Idd ndio siku ambayo hata watu waliogombana hupeana mikono. Nitaeleza kwanza jinsi waliotutangulia walivyolichukulia jambo la nasaba, kisha nitakaa zaidi kwa ndugu zetu Wanubi wa Kibra, kwa sababu historia yao inaonyesha wazi ukoo ukisahaulika mtu hupoteza nini.

Waliotutangulia walijua nasaba

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga kizazi. Zingatia hilo sharti. Tujifunze ili tuungane. Ama kujigamba kwa ukoo, mtu kutembea kifua mbele ati babu yake alikuwa fulani, hilo amelikemea na kulihesabu katika mambo ya kijahilia.

Mbora wa kujua nasaba za Makureshi alikuwa Sayyidna Abubakar (R.A.). Na ilipofika zama za Sayyidna Umar (R.A.), aliyetawala kuanzia mwaka 634 hadi 644, elimu hiyo ikawa ya kiserikali kabisa. Mali ilikuwa imeanza kumiminika Madina kutoka Shamu na Iraki, na Umar akataka kila mtu aandikwe kwenye daftari, yaani Diwani, apate fungu lake. Sasa mtaandika vipi maelfu ya watu ambao hawana kitambulisho wala cheti? Umar akawaita watu watatu waliosifika kwa kujua koo: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Wakaandika watu kwa nyumba zao. Inasimuliwa kuwa waliwaweka ukoo wa Abubakar na ukoo wa Umar karibu na juu kwa heshima ya ukhalifa, naye Umar akakataa. Akawaambia waanze na jamaa za Mtume (S.A.W.), aliye karibu kisha anayemfuatia, na Umar wamuweke pale ambapo Mwenyezi Mungu amemuweka. Jamani, kiongozi anaiambia kamati irudishe jina lake chini! Sisi tumezoea kamati za aina nyingine.

Kisa kinachonigusa zaidi lakini ni cha Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, sawa na mwaka 630. Baada ya vita, miongoni mwa mateka kulikuwa na mwanamke mtu mzima wa Bani Saad. Akawaambia askari kuwa yeye ni dada wa Mtume kwa kunyonya. Hawakumuamini, wakampeleka. Alikuwa Shayma, binti wa Bi Halima, aliyekuwa akimbeba na kumlea Mtume akiwa mtoto mdogo kule jangwani. Miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita. Mtume akataka alama, naye akamuonyesha kovu mwilini mwake pale alipomng'ata siku moja alipokuwa amembeba. Mtume akaikumbuka. Akamtandikia shuka lake, akamkalisha juu yake, akampa hiari: akitaka abaki naye kwa heshima, akitaka arudi kwa watu wake. Bi Shayma akachagua kurudi kwao, naye akampa zawadi. Baadaye wajumbe wa Hawazin walipokuja kuomba wenzao waachiliwe, walimkumbusha hilo hilo, kwamba ndani ya zizi la mateka mna mama wadogo na shangazi zake kwa kunyonya. Mateka kama 6,000 wakaachiliwa.

Hapo hapakuwa na hati yoyote. Palikuwa na kovu, na watu wawili waliokumbuka jambo moja la utotoni.

Na wala si jamaa tu. Marafiki wa zamani nao wana haki yao. Bi Khadija (R.A.) alipokwisha kufariki, Mtume alikuwa akichinja kondoo hugawa nyama na kuwapelekea mashoga zake Khadija. Abdullahi mwana wa Umar alikutana na bedui njiani kuelekea Makka, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake wakashangaa, kwani bedui huridhika na kitu kidogo. Akawaeleza kuwa baba wa yule mtu alikuwa kipenzi cha baba yake, na kwamba katika wema mkubwa ni mtoto kuwaunga marafiki wa baba yake. Sasa jiulize, marafiki wa baba yako unawajua? Yule mzee aliyekuwa akija kunywa kahawa na babu kila Ijumaa, watoto wake wako wapi?

Safari ndefu ya Wanubi

Haya, tuje kwetu. Ukiwa Nairobi umeshasikia Kibera. Wenyewe wanaita Kibra, na katika Kinubi maana yake ni msitu. Leo ukitaja jina hilo watu wengi hufikiria mabati na matope. Wachache wanajua kwamba ni mji wa Waislamu wenye zaidi ya miaka mia moja, na kwamba walioufyeka ule msitu walitoka mbali sana.

Katika karne ya 19 Misri ilikuwa ikitawala Sudan. Jeshi lake kule kusini lilijazwa watu wa makabila mengi: Wabari, Wamoru, Wamakaraka, Wakakwa, Walugbara, Wadinka, Washiluk, na watu wa milima ya Nuba. Wengine walitekwa na kuuzwa wakiwa watoto. Wengine waliingia kutafuta ulinzi na chakula. Kambini walipata vitu viwili vilivyowafanya kuwa watu wamoja, yaani Uislamu na Kiarabu cha jeshini, kile ambacho kimekua na kuwa Kinubi cha leo.

Mwaka 1878 gavana wa jimbo la Equatoria akawekwa Mjerumani mmoja aliyejulikana kama Emin Pasha. Mwaka 1885 wafuasi wa Mahdi wakaiteka Khartoum, na jeshi lile la kusini likabaki limekatika, halina njia ya kurudi wala mshahara. Stanley akaja kumchukua Emin Pasha, wakafika Bagamoyo mwaka 1889. Lakini askari wengi walibaki nyuma karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard, akiitumikia kampuni ya Kiingereza, akawafuata huko na kuwachukua Uganda. Askari walikuwa mia kadhaa tu, lakini nyuma yao waliandamana maelfu: wake, watoto, wazee, watumishi. Ulikuwa ukoo mzima unaotembea.

Na jambo la familia ndilo lililokuja kuwasha moto. Septemba 1897, karibu na Eldama Ravine, askari hao waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mishahara yao ilikuwa duni, na safari hii waliambiwa watembee mbali bila wake zao. Kwa mtu ambaye nyumba yake ndiyo msafara, hilo lilikuwa sawa na kumwambia aiache dunia yake. Maasi yakaendelea hadi ngome ya Lubwa kule Busoga, yakazimwa mwaka 1898 kwa damu nyingi. Vitabu vingi vimeandika habari hiyo kwa upande wa maofisa. Upande wa wake waliotaka kuachwa ni nani aliyewauliza?

Mwaka 1902 likaundwa jeshi la King's African Rifles, wenyewe wakiliita Keya. Wanubi walikuwa uti wa mgongo wake. Mwaka 1904 wakaanza kukaa Kibra, karibu na kambi yao, na kuanzia 1912 wakawa wanawekwa pale kirasmi. Mwaka 1918 serikali ikatangaza ekari 4,197 kuwa hifadhi ya kijeshi. Askari aliyestaafu alipewa karatasi ya ruhusa, ile inayoitwa pasi ya shamba, akajenga, akapanda mahindi na miti ya matunda, akafuga. Hakupewa hati ya kumiliki. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji wa hiari yake, siku ikitaka iwaondoe. Kumbuka maneno hayo, tutayarudia.

Jina la kila kijiji lina habari yake. Wazee husema Kambi Muru imeitwa hivyo kwa ajili ya Wamoru, na ukizunguka Makina, Lindi na Laini Saba utakuta bado nyumba za zamani ambazo mwenye nyumba anaweza kukuonyesha babu alizikwa wapi na mwembe ule nani aliupanda. Harusi bado zina doluka, akina mama bado wanavaa gurbaba, na futari ya Kinubi bila gurusa haijakamilika. (Ukialikwa nenda na njaa yako yote, ndio ushauri wangu.)

Mambo ambayo nyumbani hayasemwi

Ndugu msomaji, historia ya ukoo haina utamu peke yake. Ukianza kuuliza utafika mahali wazee wanyamaze. Nitataja mahali pawili.

Pa kwanza ni utumwa. Babu wa kwanza wa nyumba nyingi za Kinubi aliingia jeshini akiwa mtoto aliyetekwa. Hata jina la kijiji chake lilipotea siku hiyo. Familia nyingine zinaona haya kulisema, na mtoto anaambiwa tu "babu alitoka Sudan", basi, mambo yamekwisha. Mimi naona hapa aibu ni ya aliyeuza, wala si ya aliyeuzwa. Sayyidna Bilal (R.A.) alikuwa mtumwa, na kila mwadhini leo anajiona mwanafunzi wake.

Pa pili ni pagumu zaidi. Jeshi la Keya liliitumikia serikali ya kikoloni, na serikali ilililituma kuwapiga wenyeji. Katika vita vya kuwashinda Wanandi, mwaka 1905 hadi 1906, ambapo Koitalel arap Samoei aliuawa, waliopigana upande wa Mwingereza walikuwa askari wa Keya. Kwa hiyo babu wa Mkenya mmoja alikuwa amebeba bunduki mbele ya babu wa Mkenya mwingine. Hilo lisifichwe. Na pia lisikatwe nusu, kwa maana askari hao hao waliwaoa wasichana wa Kinandi, wa Kiganda, wa Kikamba, wa Kikikuyu, wa Kijaluo, nao wakasilimu na kuwa ndio mama za Wanubi. Mnubi wa Eldama Ravine au wa Kibos ana wajomba ambao hajawahi kuwaona, wanaokaa pengine kilomita ishirini kutoka kwake, si Waislamu, lakini ni damu yake. Je, nao wana haki ya kuungwa? Asma binti Abubakar (R.A.) alipojiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, alimuuliza Mtume swali hilo hilo, naye akamwambia amuunge mama yake. Kwa hiyo usipite ukasema "hao si watu wetu".

Ukifika kwenye kumbukumbu ya upande wa mama utaona ndiyo iliyopotea zaidi. Binti alipoolewa alibadilishwa jina, akawa Halima au Zainabu, na jina la baba yake halikuandikwa popote. Ukipata nyanya ambaye bado anajua jina la kwanza la nyanya yake, andika hapo hapo. Usingoje Idd.

Karatasi iliyo ndani ya sanduku

Sasa turudi kwenye yale maneno ya mpangaji wa hiari. Mwaka 1928 Kibra iliondolewa mikononi mwa jeshi ikawa chini ya serikali ya kiraia. Baada ya hapo ardhi ikaendelea kumegwa. Kabla na baada ya uhuru yakajengwa mitaa ya Jamhuri, Langata, Ayany, Ngei, Fort Jesus, na mengineyo. Familia nyingine zilihamishwa bila fidia ya maana. Watu wakiulizwa haki yenu iko wapi, walikuwa na mambo mawili tu ya kuonyesha: kumbukumbu za wazee, na zile pasi za shamba zilizobaki kwenye masanduku ya bati pamoja na medali za vita. Nyumba iliyokuwa imetupa "makaratasi ya mzee" ilikuwa imetupa ushahidi.

Na kitambulisho je? Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi akifikisha miaka 18 alitakiwa apitie kamati ya kuchunguzwa. Mwenzake wa kabila lingine anapeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, basi. Yeye anaulizwa baba wa babu yako alikuwa nani, alikaa wapi, lete karatasi zake. Watoto wa Kisomali na wengi wa Pwani wanaujua mtihani huo vizuri. Kijana anayejua ukoo wake kwa ufasaha alikuwa na pa kusimamia. Asiyejua alirudishwa, na bila kitambulisho hapati kazi, hafungui akaunti, hapigi kura, na jioni akikutana na polisi ana kesi. Mimi napinga kabisa mtu kupimwa uraia kwa dini au jina lake. Lakini maadamu lilikuwepo, ujuzi wa ukoo ulikuwa ngao.

Jambo hili lilifikishwa mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na Machi 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Kabla ya hapo, katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, Wanubi walikuwa wamehesabiwa kwa jina lao badala ya kutupwa katika "wengineo". Na Juni 2017 wakakabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe: 288 kati ya 4,197.

Kuna sanamu tatu katikati ya Nairobi, barabara ya Kenyatta, zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yako hata kwa Kiarabu na Kiswahili. Sisi hupita hapo mbio tukienda posta. Majina ya askari hayapo. Yakiwa yapo mahali, yapo kichwani mwa wazee wa Kibra, wa Kibos, wa Bombo.

Ndugu walio ng'ambo ya mpaka

Bombo ni mji wa Wanubi kule Uganda, na hakuna ukoo wa Kibra usio na mtu huko au aliyepitia huko. Zamani harusi zilivuka mpaka bila wasiwasi. Kisha ikaja 1979. Idi Amin alipoangushwa mwezi wa Aprili, Wanubi wa Uganda waliandamwa, awe mtu alikuwa serikalini au alikuwa mshona kofia. Wengi walikimbilia Sudan na Zaire ya wakati huo, wengine wakaingia Kenya kwa jamaa zao. Uliza nyumbani kwenu nani alilala sebuleni mwaka huo. Utashangaa kuambiwa kwamba yule "mjomba wa Uganda" aliyekaa nanyi miaka saba kabla ya kurudi kwao alikuwa mtoto wa binamu ya babu. Wengine walipoachana mpakani hawakuonana tena, na kila upande unadhani mwenzake alikufa.

Wala si Wanubi peke yao. Januari 1964 mapinduzi ya Zanzibar yalitawanya nyumba nyingi, huyu Mombasa, huyu Dar es Salaam, huyu Maskati, huyu Portsmouth. Wabajuni wa kaskazini mwa Lamu waliacha vijiji vyao wakati wa vita vya shifta katika miaka ya sitini wakaja Lamu, Malindi na Mombasa, na mashamba yao yakarudi kuwa vichaka. Watu wa Barawa walifika Mombasa kwa majahazi baada ya vita vya Somalia vya 1991, wakaishi makambini, kisha wakasambaa hadi London, Atlanta na Columbus. Kila mmoja wa hawa anastahili makala yake, na vijana wa miji hiyo ndio wa kuyaandika.

Uanzie wapi

Anza na mtu mzima zaidi katika ukoo, si yule unayempenda zaidi. Nenda baada ya tarawehe au kabla ya futari kidogo, mchana wazee hupumzika. Usimuulize "ulizaliwa mwaka gani", maana hiyo ni lugha ya ofisini na atakutajia ule mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi karani aliukisia. Muulize mambo ambayo anayakumbuka mwenyewe. Mafuriko ya 1961 alikuwa na mtoto mgongoni? Siku ya uhuru alikuwa ameshaolewa? Mzee Kenyatta alipofariki 1978 alikuwa akikaa nyumba gani?

Kuna hesabu moja ya Ramadhani ambayo itakusaidia sana. Mwezi huu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na huzunguka majira yote kwa miaka kama 33. Sasa nyanya akikwambia alifunga saumu yake ya kwanza wakati wa ile baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba, na ni mtu wa miaka themanini na kitu, anazungumzia miaka ya 1947 hadi 1949, kwa sababu Ramadhani ilirudi tena Julai karibu na 1981, na mara nyingine karibu na 2014. Mtoto huanza kufunga akiwa na miaka saba au minane hivi. Tayari umepata mwaka wake wa kuzaliwa, na karani hakuupata.

Rekodi sauti kwa simu, kwa idhini yake, lakini andika pia kwenye daftari, maana simu huibwa. Kila jina liwe na mambo matatu: mtoto wa nani, aliolewa au alioa wapi, alizikwa wapi. Wazee wawili wakipingana andika maneno ya wote wawili na majina yao, usiamue wewe. Piga picha zile pasi, kadi za jeshi, vyeti vya ndoa vya kadhi, na nyuma ya picha za zamani, kwani mara nyingi nyuma ndiko kulikoandikwa. Waliobobea zaidi wanaweza kwenda kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ambako yako mafaili ya ofisi za wilaya za wakati wa ukoloni.

Ukikutana na siri ya mtu, mtoto wa nje, talaka mbaya, deni, hiyo ni amana. Si kila kilichoandikwa kwenye daftari kinasomwa mbele ya wageni. Na kama mlikosana na jamaa juu ya mirathi, usianze na habari ya mirathi. Anza na swali la babu. Watu ambao hawajasalimiana miaka kumi wanaweza kubishana saa nzima juu ya nani aliupanda ule mwembe, na wakishabishana hivyo wameshaongea.

Kwa vijana wa Kibra ambao hawajawahi kufika Bombo: basi la usiku linatoka Nairobi kupitia Busia au Malaba, asubuhi uko Kampala, na kutoka hapo Bombo ni kama kilomita 35 tu kwenye barabara ya Gulu. Chukua daftari lako na majina manne ya kwanza. Ukishuka, ingia msikitini, uswali, kisha umtafute mzee aliye safu ya mbele, umwambie wewe ni mtoto wa nani.